Sandwichi Isiyo na Mkate na Mabibi Harusi Wetu



Mabibi harusi wanaokuja kwetu kushonesha, karibu wote siku hizi hawali wanga. Wali wameuacha, chapati wameziacha, boflo hata harufu yake hawaitaki. Basi zikipita kwenye simu picha za vyakula vya ajabu vya Marekani, cherehani zote husimama.

Kinachotuzulia mabishano zaidi ni cha zamani kidogo. Aprili 2010 KFC ya Marekani ilitoa sandwichi iitwayo Double Down. Haina mkate kabisa. Mahali pa mkate pana minofu miwili ya kuku wa kukaanga, na katikati jibini, sosi na bekoni. Bekoni ni nguruwe, kwa hiyo kwetu sisi kuila ni habari iliyokwisha. Hesabu yake ndiyo tamu: kalori 540, mafuta gramu 32, sodiamu miligramu 1,380. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike 2,000 za sodiamu kwa siku nzima!

"Mbona haina mkate, si inafaa?" anauliza mmoja.

"Na chumvi yote hiyo utaipeleka wapi, shoga?" anajibu mwenzake, huku akivuta picha aione vizuri.

Sisi tunamwelewa wa kwanza. Ukishazoea kuhesabu wanga peke yake, kila kisicho na unga unakiona ruhusa. Tumeshamwona mtu anakataa nusu chapati ya mama yake, kisha anamaliza kuku mzima wa mafuta na mayonezi juu.

Wa pili naye hajamaliza maneno. Ukiacha wanga, wiki ya kwanza kiuno kinashuka haraka kweli, futi yetu inaona. Lakini sehemu kubwa ni maji, maana akiba ya wanga mwilini hukaa pamoja na maji. Ukirudi kwenye pilau, nayo yanarudi. Ndiyo maana hatukati kitambaa kwa kipimo cha wiki hiyo, hata bibi harusi anune vipi, na ndani ya mishono ya ubavuni tunaacha kitambaa cha kutosha kufungulia.

Mwezi uliopita mmoja alishikwa na kizunguzungu akiwa amesimama tunamjaribisha gauni. Tangu asubuhi kahawa kavu tu. Tulimkalisha, tukamfungulia zipu, tukamletea dafu. Alilishika, akatutazama, akauliza, "Lina wanga kiasi gani?"

Mama yake alikuwa kando. Hakusema kitu, alilia tu.

Tangu hapo tunauliza mapema, kabla ya futi: umekula nini leo, mwanangu? Na mwenye sukari anayetumia dawa au sindano tunamwambia aende kwanza kwa daktari wake, ndipo aache wanga, kwa sababu sukari inaweza kumshuka ghafla. Gauni tunaweza kulisogeza hata usiku wa kuamkia harusi.