Bunduki za Kisumu na Kipimo Kilichobadilika

Bunduki ya kijeshi hupimwa kwa mambo yaleyale popote: kama risasi hufika pale palipolengwa, kama haikwami, na kama chuma chake hudumu. Kinachobadilika ni lipi kati ya hayo hutangulia, na katika ukanda wa Kisumu limebadilika zaidi ya mara moja.

Septemba 12, 1914, askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliovushwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu Bay walipambana na Wajerumani huko Kisii. Wakati huo askari wengi wa upande wa Kijerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Shabaha yake haikuwa mbaya. Ila kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mpigaji alipojificha. Kwa kipimo cha wakati ule, bunduki bora ilikuwa ile isiyomsaliti mwenyewe.

Ndipo bunduki ya .303 ya Waingereza ikatawala kwa miongo mingi, jeshini na polisini. Ilibeba risasi kumi, na kila moja ilihitaji komeo livutwe kwa mkono. Kwa kuwa mitambo ilikuwa michache, vya kuharibika navyo vilikuwa vichache. Hapa mpimaji mkuu alikuwa mkaguzi wa gwaride, aliyeelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia ndani akitafuta kutu na michirizi iliyochakaa, ile inayoizungusha risasi. Kando ya ziwa, unyevu hauhitaji siku nyingi kuharibu chuma kisichopakwa mafuta, na mtutu mchafu ulikuwa kosa la askari, si la kiwanda.

Baada ya uhuru polisi walihamia polepole kwenye bunduki ya G3 ya Kijerumani, nayo ndiyo inayokumbukwa zaidi na wakazi wa mitaa ya Kisumu ya Kondele na Nyalenda. Ni nzito, zaidi ya kilo nne, na magazini yake huchukua risasi 20. Hulenga vizuri hata mita mia kadhaa, na uchafu hauikwamishi kwa urahisi. Kwa mkaguzi wa ghala, basi, ni silaha nzuri. Lakini risasi yake ya milimita 7.62 kwa 51 iliundwa kwa ajili ya uwanja wa vita. Mtaani hupenya mabati na kuta za udongo na bado huwa na nguvu ya kuua upande wa pili. Sifa iliyoipandisha vitani ndiyo inayoifanya isifae kutuliza ghasia.

Kwa kulinganisha, bunduki ya AK husifiwa kuliko inavyostahili. Ni kweli nafasi kati ya sehemu zake huiwezesha kufanya kazi ikiwa na mchanga na matope, lakini hailengi kwa usahihi wa G3, na nakala zake zimetengenezwa na viwanda vingi mno kiasi kwamba jina pekee halithibitishi ubora. Kwa bastola swali ni fupi zaidi: je, hufyatuka kila kifyatulio kinapovutwa? Ceska, mojawapo ya bastola zinazojulikana Kenya, nayo hupimwa kwa swali hilo.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilileta kipimo kingine. Tume ya Jaji Philip Waki, mwaka 2008, ilichunguza vifo vya Kisumu vilivyotokana na risasi za polisi, na swali likawa nani alifyatua, wala si bunduki ilifanyaje kazi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari aliyetumia silaha aripoti kwa mkubwa wake, na kifo au jeraha kubwa likitokea, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi (IPOA) ijulishwe. Kiwanda cha silaha ndogo cha Ruiru kilifunguliwa 2021. Bunduki zinazotoka humo hupimwa shabaha na uimara kama za zamani, lakini namba iliyochorwa kwenye chuma, na alama ambazo kila bunduki huacha kwenye ganda la risasi, sasa ni sehemu ya ubora wake.