Ushahidi wa Mti

Kipimajoto ni chombo cha juzi. Hesabu za joto zilizoenea sehemu kubwa ya dunia hazirudi nyuma sana kupita mwaka 1850. Basi mtu akikwambia kwamba dunia ya leo ina joto kuliko ilivyokuwa miaka elfu iliyopita, una haki ya kumwuliza: umejuaje? Nani alikuwako akapima?

Hakupima mtu. Lakini viko vitu vilivyoandika bila ya kalamu. Mti wa nchi za baridi huongeza duara moja kila mwaka ndani ya shina lake, na mwaka mwema na mwaka mbaya huacha alama zao humo. Matumbawe nayo, jamaa ya haya tuliyojengea nyumba zetu, hukua kwa matabaka, na ndani yake mna dalili za joto la maji. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake walitangaza walichosoma katika tumbawe moja la Malindi: habari za bahari yetu za miaka 194, tangu 1801 hata 1994. Nami nakaa baina ya kuta za mawe ya namna hiyo. Tangu kusikia habari ile nazitazama kwa jicho jingine.

Walakini hawa ni mashahidi, na shahidi huhojiwa. Duara la mti halitokani na joto peke yake. Mvua imo, na maradhi yamo.

Mwaka 1998 Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes walikusanya mashahidi wengi wakachora mstari wa joto la nusu ya kaskazini ya dunia tangu 1400. Mwaka wa pili yake wakaurudisha hata mwaka 1000. Mstari washuka polepole karne nyingi, kisha wapanda ghafla katika karne ya 20, mfano wa gongo la mchezo wa magongo. Wakanada wawili, Stephen McIntyre, mtu wa mambo ya madini, na Ross McKitrick, mwalimu wa uchumi, wakaukagua. Mwaka 2005 walisema kwamba ile njia ya hesabu yaelekea yenyewe kuzaa umbo la gongo, na kwamba umbo hilo lategemea mno miti michache ya milima ya magharibi ya Marekani. Wengi waliwakasirikia. Mimi sioni kosa la mwenye kutaka kuonyeshwa hesabu. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia jambo hilo mwaka 2006, likakubali kwamba njia ile ina kasoro, ila matokeo haikuyageuza sana. Miaka 400 ya karibuni ina ushahidi wa kutegemewa. Kabla ya 1600 ushahidi wapungua nguvu. Hiyo ndiyo hukumu ya watu wazima.

Linaloniuma ni jingine. Keith Briffa wa Uingereza alikwisha kuandika waziwazi katika majarida ya kitaalamu kwamba miti mingine ya kaskazini, tangu yapata 1960, haifuati tena joto: vipimajoto vyapanda, alama za miti zashuka. Lakini katika picha iliyochorwa kwa ajili ya jalada la taarifa ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 1999, sehemu ile ilikatwa, ikaungwa hesabu ya vipimajoto, na msomaji wa kawaida hakuambiwa. Novemba 2009 barua za Chuo Kikuu cha East Anglia ziliibiwa, na moja ilitaja kuficha huko kushuka. Watu wakadhani ni joto la dunia lililoshuka! Kamati ya Muir Russell, mwaka 2010, haikutia shaka uaminifu wa wataalamu wale, ila ilisema picha ile ilipotosha.

Hebu fikiri: shahidi aliyeanza kukosea mwaka 1960, tumsadiki vipi kwa habari za mwaka 1100? Swali hili lina uzito, na halikupungua uzito kwa kufichwa. Lilingoja tu mwivi aje alitoe.

Mwaka 2017 jumuiya ya wataalamu iitwayo PAGES 2k ilitoa hadharani kumbukumbu 692 kutoka mahali 648, kila mtu afungue akague. Mwaka 2019 zilipitishwa katika njia saba mbalimbali za hesabu, na gongo likabaki gongo. Ama miti ya kaskazini, wengine wataja ukame, wengine kufifia kwa mwanga wa jua, hawajapatana bado.