Gongo la Akiba

Tangu mwaka 2022, warushaji wa ligi kuu zote mbili za besiboli Marekani hawalazimiki kupiga. Yuko mwenzao anayewapigia mchezo mzima. Vijana walioanza kuufuatilia mchezo baada ya hapo wakikutana na jina la Matt Stairs na timu zake 13, huhitimisha kwamba alikuwa mzururaji asiyetakiwa na mtu. Hesabu hiyo wanaisoma upande mmoja tu. Kila alipoachwa palikuwa na klabu nyingine iliyomhitaji, na hilo liliendelea kwa karibu miaka 20.

Hakika kasoro alikuwa nazo. Mkanada huyu wa New Brunswick alikuwa mfupi, mnene, na katika kufukuzia mipira eneo la nje hakuna aliyemsifu. Alianza na Montreal Expos mwaka 1992, mwaka uliofuata akawa Japani na Chunichi Dragons, kisha akarudi. Oakland ndiko alikodumu, na mwaka 1999 alivusha mpira nje ya uzio mara 38. Baada ya hapo ni mabegi tu: Chicago, Milwaukee, Pittsburgh, Kansas City na kuendelea.

Kilichomweka mjini kilikuwa kazi moja ngumu kuliko inavyoonekana. Unakaa benchi saa mbili na zaidi, mwili umepoa, halafu unaitwa umpigie mrushaji wako aliyechoka. Anayekukabili si mchovu mwenzako. Ni yule anayehifadhiwa kwa ajili ya dakika hizo, mwenye mpira wa kasi kuliko wote kikosini. Nafasi yako ni moja, na ukikosa unarudi kuketi. Oktoba 13, 2008, Los Angeles, Stairs alikuwa na miaka 40 na wiki chache tu Philadelphia. Awamu ya nane, matokeo 5–5, mwenzake akiwa kituoni, aliupeleka mpira wa Jonathan Broxton mbali kule jukwaani. Philadelphia walishinda 7–5, na mwezi huohuo wakatwaa ubingwa.

Mwaka 2010, akiwa San Diego, aliipita rekodi ya Cliff Johnson ya mipira 20 iliyovushwa uzio na mpigaji wa akiba, akaifikisha 23. Alimalizia Washington mwaka 2011, klabu ambayo ndiyo ileile Expos iliyohamishwa kutoka Montreal. Kwa hiyo hata hizo timu 13 ni klabu 12, ila nani anajali siku hizi.

Wapo wasemao kanuni mpya ingemfaa: mtu asiyejua kudaka angepiga tu bila kukimbizwa uwanjani. Ingemfaa Stairs wa 1999, nakubali. Yule wa 2008 ingemfungia mlango. Kikosi ni watu 26, na kwa kawaida 13 ni warushaji. Ondoa wapigaji tisa wanaoanza, wanabaki wanne: mdakaji wa akiba, kiraka wa eneo la ndani, mwenye mbio wa eneo la nje, na mmoja wa kugombaniwa. Kwa kuwa hakuna tena mrushaji wa kupigiwa, kocha atamtafutia nafasi hiyo kijana anayeweza kucheza sehemu tatu, kabla ya kumfikiria mnene wa miaka 40 anayelipwa kwa pigo moja la usiku.