Kwanza Ng'ombe, Ngeli Baadaye

Katika vijiji vya wilaya ya Mkalama, Tanzania, mtoto wa Kitaturu huingia darasa la kwanza na kukuta mwalimu, vitabu na ubao vyote vinatumia lugha asiyoisikia nyumbani. Jirani yake Mnyiramba ana nafuu: lugha yake ni ya Kibantu, ina ngeli kama Kiswahili. Kitaturu ni cha Kiniloti, hakina upatanisho wa namna hiyo. Mhadzabe ndiye anayetoka mbali zaidi, kwenye lugha yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaithibitishia ndugu yeyote. Makosa ya watoto hawa hayafanani, kwa hiyo sioni haki kuyapokea yote kwa sauti ile ile ya ukali.

"Mwalimu, ng'ombe yetu imepotea." Anayesema hivyo asubuhi, macho mekundu, ameleta habari nzito ya kwao. Wapo walimu watakaojibu palepale: "Sema, ng'ombe wetu amepotea." Sarufi yao ni safi, lakini mtoto hajajibiwa. Kesho akiwa na jambo atalimeza, na aliyenyamaza huwezi kumsaidia. Mimi huanza na ng'ombe: amepotelea wapi? Nani anamtafuta? Umbo sahihi analisikia humohumo.

Njia hiyo peke yake haitoshi. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Waliona kwamba walimu walipenda zaidi kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba njia hiyo ndiyo wanafunzi waliyoiitikia kwa uchache zaidi. Ndivyo ninavyoona hapa pia: mtoto hudhani nimekubali tu alichosema. Basi kipindi cha Kiswahili kikifika, bila kumtaja, naandika ubaoni "ng'ombe ...mepotea", kisha nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Wenzake wanadundadunda kwenye madawati, "mwalimu mimi, mwalimu mimi!", na kicheko kiko mlangoni. Hicho nakikataza kabisa, maana kinafunga midomo kuliko fimbo.

Kuna huruma nyingine nisiyoikubali, ile ya kuacha kila kosa lipite miaka yote. Mtihani wa darasa la saba katika shule za serikali hufanywa kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza, na msahihishaji hajui kwamba mtoto huyu alianza shule bila lugha hiyo. Kidato cha kwanza masomo yanahamia Kiingereza. Mwenye hofu ya kufungua mdomo ataibeba hofu hiyo hadi huko.

Kwa watu wazima napima tofauti. Mzee mfugaji akisimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema "maji ya lambo amekauka", hakuna aliyekosa kumwelewa, na kumkatiza ni kumvunjia heshima. Lakini akisema kikundi "kilikopa kwa yule bwana" ilhali kilimkopesha, hapo hakuna kungoja. Mwenyekiti amuulize kwa adabu, "Mzee wetu, fedha zilitoka kwenye kikundi au ziliingia?", kwa sababu mtendaji anaandika muhtasari, na deni linaweza kuandikwa kwa asiyedaiwa.