Kwa Pikipiki Kupeleka Chanjo

Bahi iko magharibi ya mji wa Dodoma. Siku hiyo tuliondoka Bahi alfajiri kwa pikipiki mbili. Mimi nilimpakia muuguzi. Mwenzangu alifunga sanduku la chanjo nyuma yake. Hatukulipwa. Wanakijiji tuliowaendea walichanga fedha za mafuta tu. Kazi ilikuwa ya watoto wao.

Sanduku lilikuwa na barafu. Chanjo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Ikipata joto jingi huharibika.

Tulipita kwenye mibuyu na mashamba ya uwele na mtama. Vumbi lilitufunika. Kwenye korongo moja, pikipiki zilizama mchangani. Jua lilikuwa limeshapanda. Muuguzi alisema, "Jamani, barafu inayeyuka!" Wachungaji wawili waliacha ng'ombe wao, wakatusaidia kusukuma.

Tuliwakuta akina mama chini ya mbuyu. Kila mmoja alishika kadi ya mtoto. Muuguzi alitazama kipimajoto. Nyuzi 7. Chanjo ilikuwa nzima. Vigelegele vilipigwa.

Mama mmoja alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alituambia kuwa mtoto wake mkubwa alikufa kwa surua. Huyu mdogo hakutaka akose.

Msomaji, chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi 9. Ya pili hutolewa akifikisha miezi 18. Tazama kadi ya mtoto wako leo. Siku ikifika, usingoje pikipiki. Mpeleke kliniki.