Ubovu wa Kuja na Kuondoka

Miaka yangu ya ufundi wa magari imenipa msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi: gari linalozima lenyewe leo na kesho likatembea vizuri, gia zikiingia kwa kishindo asubuhi na kwa ulaini jioni, uchunguzi wake uanzie nyumbani kwa mwenyewe, si gereji. Fundi hukaa na gari saa chache, na ubovu wa namna hii una tabia ya kutojitokeza saa hizo. Mwenye gari ndiye shahidi, ila anahitaji kujua la kuangalia na kuliandika kwenye daftari: injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Gari lilikuwa likisimama, likipanda mlima au likipita kwenye matuta? AC ilikuwa imewashwa? Liliwaka papo hapo au lilingoja lipoe? Kila jibu linafunga njia moja na kufungua nyingine. Likizima likiwa la moto na kuwaka likishapoa, nashuku kwanza sensa ya krenki, kisha koili na pampu ya mafuta. Likizima kila linapokaribia kusimama likiwa kwenye D, lakini kwenye N linanguruma bila shida, huenda kufuli ya toki konveta, kiungo cha injini na giaboksi, haiachii. Likizima kwenye matuta, nafuata waya na viunganishi.

Wengi wakiona injini inazima na gia zinagonga, huhesabu magonjwa mawili na kuanza kuzungumzia bei ya giaboksi ya mtumba. Mimi huanza kwa kudhani chanzo ni kimoja. Kompyuta ya gia za otomatiki huamua lini ibadilishe gia kwa kutazama mwendo wa gari, kasi ya injini na jinsi throto ilivyofunguka. Sensa ya throto ikidanganya, injini na gia huvurugika pamoja. Umeme dhaifu nao hufanya hivyo hivyo, maana solenoidi za gia zinautegemea. Kwa hiyo mita ya umeme itangulie spana. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6; injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata: ikizidi nusu volti, waya wa ethi umechoka au umeshika kutu. Baada ya hapo pima oili ya gia kwa utaratibu wa kitabu cha gari, kwa sababu si magari yote hupimwa injini ikinguruma.

Nitaambiwa kwamba mashine ya kusoma kodi za hitilafu inamaliza yote hayo kwa dakika moja. Naitumia na naiheshimu, lakini inachotaja ni saketi yenye hitilafu, si kifaa cha kununua. Kodi P0335 inaelekeza kwenye saketi ya sensa ya krenki. Waya uliochubuka huileta sawasawa na sensa iliyokufa. Tena kuna hitilafu zinazopita bila kuacha kodi yoyote, na hapo daftari la mwenye gari ndilo pekee lenye habari.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na hilo nalikubali. Injini ikizima barabarani, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa hiyo asiyejua lini gari lake litazima asiliingize barabara kuu kwa kisingizio cha kulijaribu. Presha ya mafuta na ufunguaji wa giaboksi viachiwe gereji. Lakini mteja anayefika na kumbukumbu za hali, vipimo vya volti na kodi iliyosomwa ameshapunguza kazi ya kubahatisha, na fundi atakayetaka kumbadilishia giaboksi atalazimika kwanza kumweleza kwa nini.