Majalada Tu

Jumatatu, 3 Machi

Kasha la ami limefunguka leo, kwa nyundo. Mende, unyevu, na magazeti yake yote ya LIFE. Niliapa nitapitisha macho tu. Alasiri nzima nimekaa sakafuni na saumu yangu napekua matangazo: keki za pakiti, jokofu jeupe limesheheni hadi mlangoni, paja la nguruwe lililopambwa mananasi (hilo hata nisingefunga). Mpaka umfikie mwanaanga umeshapita soko zima.

Bwana wa fremu kapiga simu tena. Anataka majalada tu. Kurasa za ndani, anasema, fungia maandazi. Bati la jikoni linavuja na masika ndiyo hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Toleo la 14 Septemba 1959, wale wanaanga saba wa Mercury. La 21 Septemba, wake zao. LIFE ilitoa dola 500,000 wagawane saba, na habari za majumbani mwao zikawa mali yake peke yake. Nani alipe fedha zote hizo aonyeshwe mke aliyenuna?

Trudy Cooper namtazama sana. Alikuwa ameshaachana na Gordon, mmoja wa wale saba, hawakai pamoja; uteuzi wa wanaanga ulipokaribia akarudi, nyumba ionekane nyumba. Na mwenyewe rubani! Nimemsogezea kioo cha kukuzia cha ami nione macho yanasema nini. Nukta za wino tu, nyekundu na za manjano.

Usiku, baada ya tarawehe

Gazeti la Collier's la 22 Machi 1952 limezishinda zote. Bonestell kachora kituo cha anga mfano wa gurudumu, upana futi 250, kinaizunguka dunia kila saa mbili. Gurudumu lizunguke lenyewe pia, walio ndani wapate uzito. Miaka mitano kabla ya Sputnik! Nayaamini haya kuliko vicheko vya LIFE. Mchoraji hafichi kuwa kabuni.

Ijumaa, 7 Machi

La, nimegeuka. Gurudumu lile ni la Wernher von Braun. Makombora yake ya V-2, aliyowabunia Wanazi, yaliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ndani ya mahandaki, wakafa kwa maelfu. Kutoka 1945 hadi 1952 ni miaka saba, na huyu hapa, mwalimu wa ndoto za Wamarekani. Rangi bado zinapendeza. Hilo ndilo linaloniudhi.

Collier's nao walifunga duka Januari 1957. Sputnik ikaruka Oktoba. Hata raha ya kusema "tuliwaambia" hawakuipata.

Jumamosi, 8 Machi

Ndani ya LIFE yenye mwanaanga John Glenn imedondoka ramani, imekatwa sijui gazeti gani. Njia ya chombo, 20 Februari 1962, inatoka Florida, inavuka Afrika, inapita juu yetu hapa Zanzibar. Pembeni ami kaandika kwa penseli: Tunguu, sisi hapa. Miaka miwili baadaye Mapinduzi, na mitambo ya Wamarekani ya kufuatilia vyombo, iliyokuwa hapo Tunguu, ikaondoka.

Bwana wa fremu kaja saa kumi na moja, mimi na sufuria ya tambi. Katoa wembe mfukoni, anionyeshe anavyokata bila kuchana! Nikamwambia, kaka, gazeti zima au basi, magharibi hiyo inaingia. Kanung'unika. Kaacha shilingi elfu themanini, kachukua Glenn nzima. Ramani nilishaitoa. Wake hawauzwi. Fundi wa bati anakuja Jumatatu, akiidharau fedha hiyo nitamwonyesha Von Braun.